Mali Zote Zipo

Wanyama wa Chamwino walikuwa na chama cha filamu. Kila mwaka walirekodi tamasha la muziki wa Cigogo, vumbi la wachezaji likitua kwenye lenzi na muheme wa akina mama ukizidi nguvu maikrofoni zao za bei poa. Vifaa vilihifadhiwa kwenye tembe moja nyuma ya mbuyu, mikononi mwa Mzee Kobe, ambaye hakuchoka kukumbusha kwamba Kampuni ya Filamu Tanzania ilipoundwa mwaka 1968, yeye tayari alikuwa na wajukuu.

Kobe alikuwa na daftari. Humo aliandika: “Lenzi ya milimita 50. Mkwaruzo upande wa kushoto, umbo la mwezi mchanga. Kifuniko si chake. Kachukua Digidigi, harusi ya shangazi yake.” Digidigi asiporudisha, Kobe aliondoka asubuhi, akafika kwake jioni, akakaa mlangoni kimya mpaka lenzi itolewe.

Vitu vilipotea hata hivyo. Husimuliwa kwamba Dodoma ilipata jina baada ya tembo mzima kuzama topeni. Betri mbili za kamera ni nini? Ila Mwenyekiti alikuwa Tembo, na ukoo wake haujausahau msiba ule. Akaitisha kikao.

“Mbukwenyi!” aliamkia, kisha akampisha Sungura, aliyerudi juzi kutoka mjini na kompyuta mpakato.

“Wazee wangu, daftari limepitwa na wakati. Siku hizi kuna programu. Kila kifaa kinapewa namba na stika yenye msimbo wa QR. Anayechukua anaskani kwa simu, anayerudisha anaskani. Mwenyekiti yuko kitandani, anaona kila kitu kiko wapi na kwa nani.”

“Na mkwaruzo?” aliuliza Kobe.

“Kuna sehemu ya maelezo, babu. Si lazima kuijaza.”

Stika zikabandikwa kwenye kamera, tripodi, taa, jenereta, hata ndoo ya kunawia. Kobe akaagwa kwa hotuba na zawadi ya baiskeli ambayo miguu yake haifiki kwenye pedali. Stoo akakabidhiwa Fisi, kwa kuwa simu yake ilikuwa na kamera nzuri.

Hekaya nyingi humwonea Fisi zikimfanya mjinga. Huyu alisoma mwongozo wa programu ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo hata Sungura hakuwahi kuifanya. Alipomaliza akabandika sufuria ya maji motoni, akakipitisha kila kifaa kwenye mvuke, akabandua stika kwa ukucha bila kuichana, akazipanga zote kwenye ubao wa plaiwudi. Mwisho wa mwezi aliketi kwenye kigoda mbele ya ubao wake: tii, tii, tii. Mlenda haujachemka, hesabu imekwisha. Kwenye simu ya Mwenyekiti kila mstari ukawa kijani.

Akaja Nungunungu, mkaguzi. “Jua kali, mkuu, kaa kivulini,” Fisi alimwambia, akampa juisi ya zabibu na kumfungulia ripoti. Asilimia 100. Nungunungu akalaza miiba, akasaini, na chama kikapendekezwa kupewa tuzo.

Tuzo hairekodiwi kwa macho. Stoo ilipofunguliwa, ndoo ya kunawia ilikuwepo, tena safi. Vingine viko matengenezo, alieleza Fisi, lakini bahati nzuri ana shemeji anayekodisha vifaa mjini. Vikafika kwa bodaboda mchana uleule.

Kobe, aliyealikwa kama mwasisi, aliichukua lenzi akaigeuza. Mwezi mchanga ule pale. Akagusa mgongo wa kamera, gundi ikanata kidoleni.

“Mjukuu wangu, hivi ni vyetu.”

Sungura akaelekeza simu huku na huku. “Mfumo hauvitambui, babu.” Na kwa kuwa ni kijana mwenye bidii, akachapa stika mpya, akavibandika vyote kabla havijapotea.

Jioni ile Tembo alisoma takwimu jukwaani, mkonga juu: mali za chama zimeongezeka maradufu katika mwaka mmoja. Makofi. Ankara ya kukodi ilipitishwa kabla ya chakula. Kobe aliinuka aseme neno, lakini karatasi ya posho ndiyo kwanza ilikuwa imefika mbele yake, naye akaomba kalamu.

Fisi alikuwa nje, akimuuliza Kigong’ota seremala bei ya ubao mkubwa zaidi.