Damu ya Mzee Chini ya Taa ya Bluu

Kamera ya video imeumbwa kupenda wastani. Ukiiacha kwenye otomatiki, inakusanya mwanga wote ulio mbele yake na kuuvuta uelekee kijivu cha katikati, kisichong'aa wala kufifia. Ni mashine ya watu watulivu. Mimi narekodi harusi Dar es Salaam, na harusi ya wastani sijawahi kuitiwa.

Mchana tunaanzia nyumbani kwa bibi harusi. Wageni wameketi chini ya turubai la kijani na jua la saa saba linalipenya kuwashukia. Macho yetu husamehe. Ukikaa kidogo kijani hukioni tena. Kamera haisamehe. Ina chaguo la jua la mchana, kama kelvini 5600, na la balbu ya halojeni, kama 3200, lakini turubai la kijani halimo kwenye menyu. Kwa hiyo mama mkubwa wa bibi harusi, mzima wa afya, kwenye kioo alikuwa mgonjwa wa kulazwa.

Dawa yake ni karatasi nyeupe. Inashikwa palepale alipo mhusika, unaijaza kwenye fremu, unabonyeza kitufe, na kamera inajua nyeupe ya hapo ni ipi. Nikamsogelea.

"Shikamoo mama. Naomba unishikie karatasi hii."

"Marahaba, baba." Akaigeuza huku na huku, akatafuta miwani. "Mbona haijaandikwa kitu?"

"Ni ya kupimia weupe tu, mama."

Akaniangalia toka juu hadi chini. "Weupe wa nani?"

Nikiwa bado naeleza, jirani yake alishaipokea karatasi, akaandika jina lake na shilingi elfu hamsini. Alidhani michango imeanza upya. Nikapimia upande wa pili.

Kanisani tatizo ni gauni. Kamera ikiona weupe mpana kiasi kile inahisi mwanga umezidi, inabana tundu la lenzi, na uso wa bibi harusi, uliopambwa tangu alfajiri, unazama gizani. Ukiufungulia uso, gauni linaungua na lesi zote zinapotea. Ndiyo maana nazima otomatiki na kuwasha pundamilia: milia inayojichora kwenye kioo changu kila mwanga unapofikia kiwango nilichokipanga, na ambayo haiingii kwenye video. Nafungulia uso taratibu, milia ikianza kutambaa kwenye gauni narudi nyuma kidogo. Shangazi aliyelilipia gauni hilo alichungulia kioo akiwa mgongoni mwangu.

"Nani kalichora?" akauliza, kwa sauti iliyofika madhabahuni.

Lakini mtihani wenyewe uko ukumbini. Familia ya bwana harusi ilikuwa imebishana sare kwa vikao vingi. Wengine walitaka zambarau, wengine bluu bahari. Ikashinda damu ya mzee, kitambaa kikatoka Kariakoo, kila mtu akalipa chake. Usiku dijei akawasha taa zake, zote bluu.

Hapo karatasi nyeupe haina kazi. Kitambaa hurudisha mwanga kilioletewa, na taa ya bluu tupu haileti wekundu wa kurudishwa. Damu ya mzee ikawa nyeusi. Ukoo mzima ukaonekana umejipanga mezani kimya, umeinamia sahani kama watu wa matanga, huku upande wa pili unapiga vigelegele.

Nikamfuata dijei, nikamwomba taa nyeupe mbili tu zielekee kwenye meza za wakwe.

"Kaka, nyeupe inaua mudi. Muone mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kamati akakunjua bajeti, akaweka kidole kwenye mstari. "Bluu imeshalipiwa."

Video ilipowafikia, baba wa bwana harusi akanipigia. Akasifu sauti, akasifu keki ilivyotoka, kisha akashusha pumzi. "Sasa kijana wangu, sare yetu mbona imekuwa nyeusi? Huwezi kuirudisha kwenye kompyuta?"

Nikamweleza habari za mwanga toka mwanzo: kompyuta hukuza kilichorekodiwa, na wekundu haukurekodiwa kwa kuwa ukumbini haukuwepo. Alisikiliza kwa heshima zote, bila kunikatisha.

"Nimekuelewa, baba," akasema. "Basi hiyo nyekundu ikishapatikana, tuletee."