Msomaji wa Kitumbua

Mwandishi anayetaka kujua maandishi yake yana uzito gani asimuulize mhariri. Aamke mapema akanunue vitumbua. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, sisi tunaoandika magazetini tumepata wasomaji ambao hatukuwahi kuwaota: watu waliofuata kitumbua, wakafungiwa pamoja na makala. Msomaji huyu hana haya. Gazeti hakulinunua, jina lako halijui, vidole vimejaa mafuta na chai yake inapoa. Ukimshika huyo, umeshika mtu.

Kijijini Msimbati, pwani ya Mtwara, wasomaji wangu wengi ni wa namna hii. Gazeti la leo kulipata kule ni bahati, lakini la kufungia halikosekani. Mjini Mtwara linauzwa kwa kilo, na kwenye mzani ule mwandishi mwenye tuzo na tangazo la mnada bei yao ni moja.

Basi niliandika makala kuhusu Msimbati. Mhariri akasema lazima ianze na ufukwe, ili msomaji avutike. Ufukwe ukaingia: mchanga mweupe unaometameta, minazi inayopunga upepo, maji ya buluu ya Ghuba ya Mnazi, machweo. Machweo yalichukua aya nzima peke yake. Chini ya hapo, palipoanza nusu ya pili ya ukurasa, ndipo akatokea mtu niliyekusudia kumwandika tangu mwanzo: Latham Leslie-Moore, Mwingereza, mtumishi mstaafu wa serikali aliyeweka makazi Msimbati, na ambaye mwaka 1959 alitangaza kwamba Msimbati haimo tena Tanganyika. Ni nchi huru, na sultani wake ni yeye. Akawa na bendera yake. Akauandikia Umoja wa Mataifa.

Mama muuza vitumbua akaupasua ukurasa ule katikati, kwa sababu zake za kibiashara. Nusu ya juu ilifika kijiwe cha kahawa, ambako mzee mmoja alivaa miwani na kuwasomea wenzake kwa sauti. Alipofika "mchanga mweupe unaometameta" akanyamaza, akatazama miguu yake iliyozama kwenye mchanga wenyewe.

"Njomba, mchanga tunao," akasema mmoja wa wasikilizaji. "Ruka mbele kidogo."

"Mbele kuna nini?" akauliza mwingine.

"Minazi," akajibu mzee.

Wakaikunja mara nne, ikawekwa chini ya mguu wa benchi lililokuwa likiyumba. Nakiri kwamba benchi halijayumba tena, na hayo ndiyo mafanikio yote ya machweo yangu.

Nusu ya chini ilimwangukia fundi wa mashua. Kitumbua kilikuwa na mafuta mengi kiasi kwamba karatasi iligeuka kioo, na herufi za upande wa pili zikapenya. Sultani akawa anatangaza uhuru juu ya kikosi cha Yanga. Fundi alivumilia akasoma hadi barua ya Umoja wa Mataifa, na hapo hapo karatasi ikakatika. Asubuhi ya pili akarudi kwa mama.

"Bi mkubwa, nifungie na ile karatasi ya jana."

"Baba, unataka kitumbua au unataka sultani?"

Alinunua vitumbua vya kulisha mashua nzima. Akapata nusu ya nyota za wiki, tangazo la kiwanja kinachouzwa, na picha ya waziri akikata utepe. Sultani hakumpata. Nilipofika kijijini baadaye, alinifuata na tezo mkononi, na mimi nikadhani nimeandika jambo la kumuudhi.

"Wewe ndiye wa yule Mzungu? Walimfanyaje?"

Nikamwambia hadithi hiyo haisimuliki na mtu mwenye njaa. Akaninunulia chai na mihogo. Nikamweleza kuwa Tanganyika ilipopata uhuru wake wa kweli haikuwa na nafasi ya sultani wa ziada, na mzee yule akaondolewa. Hakuna mhariri aliyewahi kunilipa kwa haraka namna ile.

Fundi hakuwa na shida na historia ya mikataba ya kimataifa. Alimwacha mtu mahali pabaya, akataka kujua ametokaje. Redio Tanzania walilifahamu hilo zamani. Mwaka 1993 walianza mchezo uitwao Twende na Wakati, uliokusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Wangeweza kumleta daktari asome maelezo kila jioni, na taifa zima lingeinuka kwenda kuteka maji. Badala yake walimleta Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye mke nyumbani na wapenzi njiani. Watu wakaganda. Watafiti waliacha mchezo huo usirushwe Dodoma hadi 1995 ili walinganishe mikoa, na waliousikia walionekana kubadilika zaidi kuliko wasiousikia. Nawahurumia watu wa Dodoma. Miaka miwili nchi nzima inamsema Mkwaju, wao hawajui hata kosa lake.

Mimi niliyajua hayo yote, lakini kujua ni kitu kimoja na abiria ni kitu kingine. Siku moja tulikuwa tunakwenda Ruvula, mbele ya Msimbati, kwa gari kuukuu, tukipita ufukweni kama ilivyo desturi ya kule maji yanapokupwa. Gari likazama kwenye mchanga. Bahari imeanza kurudi, dereva anachimba, abiria hawana pa kwenda. Nikaona Mungu amenipa hadhira. Nikatoa rasimu ya makala yangu mpya, nikaanza kuwasomea: gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, bomba la zaidi ya kilomita 500 likafikishwa Dar es Salaam mwaka 2015...

"Bomba tunalijua," akasema kijana mmoja akishuka. "Andika sisi tunapikia nini."

Wakashuka mmoja mmoja. Wengine wakaenda kutafuta pweza miambani. Nikahamia kwenye hifadhi ya bahari ya huko, iliyoanzishwa mwaka 2000, mikoko, matumbawe, kasa. Utingo akalala. Sikujua kwamba mtu anaweza kukimbiwa na watu ambao hawana usafiri.

Ndipo mama mmoja aliyekaa na kapu la dagaa, ambaye hakuwa amesema neno tangu Mtwara, akamgeukia jirani yake: "Basi yule bwana si karudi kutoka Msumbiji usiku, kagonga mlango, ndani kajibu mwanamume."

Utingo aliamka. Waliofuata pweza wakarudi mbio. Maji yanalamba matairi, hakuna anayeyatazama. Dereva kaegemea koleo, mdomo wazi. Ilibidi mama mwenyewe awakumbushe kusukuma, nao wakasukuma kwa nguvu ambazo hata tajiri wa gari hawezi kuzinunua, wakidai aendelee kusimulia huku wakisukuma. Gari likatoka. Dereva akaliendesha polepole sana, na haikuwa kwa kuhofia mchanga. Mwenye nyumba alikuwa ameshapata panga, aliyemo ndani ameshapanda darini, na mke anasema ni kaka yake, wakati kijiji kizima kinajua hana kaka.

"Shusha hapo," akasema mama.

"Na yule wa darini, shangazi?"

"Mengine nikirudi Ijumaa."

Akajitwika kapu akaondoka. Ijumaa gari lilijaa mpaka wengine wakaning'inia, na sehemu kubwa ya abiria hawakuwa na safari. Mama yule hajaandika mstari hata mmoja maishani mwake. Mhariri wangu angekuwa na akili, safu yangu gazetini ningekuwa nimenyang'anywa zamani na kupewa yeye.