Yai la Mjane na Nauli ya Mwanafunzi: Maelezo Kuhusu Mnada wa Sadaka

Aibu inayompata mwanafunzi wa uchungaji mbele ya waumini huchelewa kupoa kuliko aibu ya mtu mwingine, kwa sababu aliyeaibika hana ruhusa ya kuondoka: hana budi kubaki mbele ya watu akiwa na kanzu yake nyeupe, akitabasamu, mpaka kila mmoja ampe mkono. Aibu inayojadiliwa hapa, ambayo wahusika wake bado wakikumbushwa hugeuza nyuso, iliipata familia moja changa Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno, katika kanisa la kijijini wilayani Biharamulo, ndani kidogo ya barabara itokayo Lusahunga kwenda Nyakahura. Iliwahusu baba aliyekuwa katika mafunzo ya vitendo, mke wake, mtoto wao wa miaka minne, mwingine mchanga aliyekuwa mgongoni, na yai moja la kuku. Ili ieleweke kwa nini yai hilo liligharimu shilingi 10,000, na kwa nini bei hiyo haikuwa sehemu mbaya kuliko zote ya siku hiyo, ni lazima kwanza mnada wa sadaka ufafanuliwe kwa kirefu.

Mnada wa sadaka ni utaratibu, uliozoeleka katika makanisa mengi ya Kianglikana na ya Kilutheri nchini Tanzania, ambao kwa huo sadaka isiyo fedha hugeuzwa kuwa fedha papo hapo, mara tu ibada inapokwisha. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako kaya nyingi huishi kwa ndizi, maharage, mahindi na mihogo, na ambako fedha taslimu huonekana zaidi msimu wa kuuza mazao, Jumapili ya mavuno hujaza sehemu ya mbele ya kanisa mikungu ya ndizi, madebe ya maharage, miwa, parachichi, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye huitikia mahubiri pale asipotakiwa. Kanisa haliwezi kumpeleka jogoo benki, wala dayosisi haipokei mkungu wa ndizi kuwa mchango wa parishi, yaani eneo la kichungaji lenye makanisa kadhaa chini ya kasisi mmoja. Kwa hiyo vitu vyote hutolewa nje, huwekwa chini ya mti, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa na haya ndogo hukabidhiwa kazi ya udalali.

Jambo linaloufanya mnada huu ustahili kuchunguzwa ni kwamba kila kanuni ya soko ndani yake hugeuka kichwa chini miguu juu. Sokoni mnunuzi hufurahi akipata kitu kwa bei ndogo. Hapa anayeondoka na mkungu wa ndizi kwa bei ndogo hutazamwa kana kwamba ameiba madhabahuni. Bei haipimi thamani ya kitu bali heshima ya mnunuzi, na dalali mzoefu anajua heshima ya kila mtu kijijini ni shilingi ngapi: anajua ya mwalimu mkuu, ya mwenye duka la pembejeo, ya mfanyabiashara wa mahindi, na ya mgeni yeyote aliyekuja na gari, ambaye huhesabiwa kuwa mavuno ya ziada. Dalali haanzi na hao. Huanza na kijana mmoja wa kwaya, ambaye hutaja shilingi mia tano kwa unyenyekevu, kisha huwageukia wenye uwezo na kuwauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kama kweli wameridhika jasho la mama yule liondoke kwa mia tano.

Baada ya hapo huja hatua iitwayo kurudisha, ambayo pengine ndiyo uvumbuzi mkubwa kuliko wote wa uchumi wa kanisa. Mnunuzi hulipa, hushangiliwa kwa vigelegele, kisha hutangaza kwamba kitu alichokinunua anakirudisha, nacho hunadiwa upya tangu mwanzo. Ndiyo maana papai moja linaweza kuuzwa mara tatu au nne bila kusogezwa pale lilipo. Anayeshindwa kurudisha hapati adhabu yoyote, ila wiki nzima atasalimiwa kwa ufupi. Hatua ya mwisho ni kuzawadia: mnunuzi wa mwisho humkabidhi mtu mwingine kitu hicho, na mara nyingi mtu huyo ni Mama Mchungaji, cheo ambacho mke wa mwanafunzi hupewa miaka kadhaa kabla mume wake hajawekewa mikono hata kuwa shemasi, daraja linalotangulia ukasisi. Utaratibu wote unapendeza kuutazama, hasa kwa mtu ambaye hajabeba nauli yake mfukoni.

Familia inayozungumziwa ilikuwa imeibeba. Baba alikuwa mwinjilisti, yaani mhudumu asiyewekewa mikono ambaye huongoza kanisa la kijiji kasisi anapokuwa mbali, naye alikuwa ametoka Biharamulo na kupelekwa chuoni upande wa Ngara, kwenye vilima ambako Kanisa la Anglikana lina Dayosisi ya Kagera, iliyoanzishwa mwaka 1985, yenye makao yake na hospitali yake Murgwanza. Mke alifunga kibanda chake cha nguo, akamfuata mumewe, akaingizwa katika darasa la wake wa wanafunzi, ambalo katika vyuo vya aina hii hufundisha Biblia, ushonaji, lishe na malezi. Malezi hufundishwa wakati watoto wa wanafunzi wote wamefungiwa chumba cha jirani na msichana mmoja. Mwanafunzi hana mshahara, kwa kuwa ni mwanafunzi. Hata hivyo, afikapo parishini huitwa Mchungaji, na kila mchango unaomhusu mchungaji humhusu yeye. Mpaka sasa hakuna mwanateolojia aliyeeleza jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa mwanafunzi wakati wa kulipwa na mchungaji wakati wa kulipa, ingawa fumbo hilo lina waumini wengi zaidi kuliko mafumbo mengine yanayofundishwa darasani.

Nauli ya kurudi chuoni Ngara baada ya mafunzo ya vitendo ilikuwa noti moja ya shilingi 10,000. Kwa kuwa ilizungumzwa kila jioni katika nyumba waliyopangiwa, na kwa kuwa kila mazungumzo yalimalizika kwa kusema kwamba elfu kumi isiguswe, mtoto wa miaka minne aliijua kuwa ndiyo hesabu kubwa kuliko zote duniani.

Siku ya tukio baba alihubiri habari za mjane maskini wa Marko 12, aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hazina akiwa hakubakiwa na kitu. Alihubiri kwa Kiswahili na mzee mmoja akafasiri kwa Kisubi. Kufasiri huongeza muda wa mahubiri maradufu, lakini humpa mhubiri nafasi ya kupumua na kuzidisha ahadi, na baba alizidisha: alisema kwamba mtumishi wa kweli hahesabu alichonacho mfukoni. Mama alikuwa nyuma akinyonyesha. Mtoto alichukuliwa na wahudumu akaketishwa mkekani pamoja na watoto wa Shule ya Jumapili, na kwa hiyo alikuwa amekabidhiwa kwa kanisa zima, ambayo ni njia nyingine ya kusema kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akimtazama.

Mnada ulipoanza, dalali aliinua juu yai lililotolewa na bibi kizee mmoja, mjane kwelikweli. Kijana wa kwaya alitaja mia tano, mwingine elfu moja, na dalali akaanza kuhuzunika. Shule ya Jumapili huwafundisha watoto kwamba anayejua jibu hunyoosha mkono na kulitamka kwa sauti. Mtoto alinyoosha mkono, akasimama, akatamka: “Elfu kumi!”

Ni vigumu kueleza vigelegele vilivyofuata kwa mtu ambaye hajawahi kusikia akina mama wa Biharamulo wakishangilia. Kisheria mtoto wa miaka minne hawezi kufunga mkataba, lakini mnada wa sadaka haupo chini ya sheria hiyo, na hakuna mtu mzima mwenye akili timamu ambaye angepandisha bei dhidi ya mtoto. Dalali alihesabu ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kasi ambayo hakuitumia tena siku hiyo. Baba, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa ametangaza kwamba mtumishi wa kweli hahesabu kilichomo mfukoni, alipeleka mkono mfukoni na kukuta kwamba hakuna haja ya kuhesabu, kwa kuwa noti ilikuwa moja tu.

Hadi hapo tukio lingeweza kuitwa hasara. Lilivuka mpaka na kuwa aibu pale baba, akitaka angalau kuvuna sifa kutokana na kile kilichokwisha kupotea, alipolirudisha yai na kutoa hotuba fupi ya kuwasifu wenyeji kwa ukarimu wao, ambao alisema hajauona mahali pengine. Mtoto alimsikiliza kwa makini, akatazama umati, kisha akauliza kwa sauti ileile iliyonunua yai: “Baba, si ndio hawa uliosema wana mkono wa birika?”

Birika, kama inavyojulikana, lina mkono usionyooka kumpa mtu kitu, na mzee mfasiri, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha tangu mahubiri, aliona ni vyema awafasirie wasiosikia vizuri.

Hapa historia ya mahali inahitajika kidogo. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho lililoshika moto Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, ulivuka mto Kagera na kuenea katika nchi hizi, ukiacha desturi ambayo wafuasi wake huiita kutembea nuruni: mtu aliyemsengenya mwenzake husimama mbele ya ndugu na kuungama waziwazi. Wazee waliolelewa katika desturi hiyo hawashtuki wanaposikia dhambi ikitajwa hadharani. Huona kwamba ibada imeanza sasa. Mzee mmoja alisimama, akasema Bwana asifiwe, akaeleza kwamba mtoto amemweka baba yake nuruni, na akauliza kama baba ana neno. Baba alikuwa na neno, nalo lilikuwa refu, na halikufasiriwa.

Tuhuma yenyewe, ni haki kusema, haikuwa na msingi. Watu wa wilaya hizi walishaonyesha mikono yao kwa namna ambayo wahubiri wachache wameionyesha. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Kirwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa karibu saa 24, na kabla kambi ya wakimbizi ya Benaco haijawa kambi, walifikia katika mashamba na nyua za watu ambao nao hawakuwa na kingi. Baba alikuwa ametoa hukumu yake kwa kutazama bahasha za sadaka za Jumapili mbili zilizotangulia, na huo ni utafiti hafifu.

Waumini walijibu kwa mnada. Kila mtu alitaka kuthibitisha umbo la mkono wake, na vitu vikaanza kuuzwa kwa bei ambazo dalali mwenyewe aliziitikia kwa uoga. Yai lilinunuliwa tena kwa 6,000, likarudishwa, likanunuliwa kwa 15,000 na mfanyabiashara wa mahindi, ambaye alimzawadia Mama Mchungaji. Yai moja lilikuwa limeliingizia kanisa shilingi 31,000, ambazo zingenunua kuku anayetaga na chenji ikabaki, na jumla ya siku ile ilisomwa mara mbili kwa furaha. Kutoka katika jumla hiyo kulikuwa na fungu la dayosisi, fungu la parishi, fungu la ujenzi na fungu la uinjilisti. Fungu la nauli ya mwinjilisti aliye mafunzoni halikuwapo, na mhasibu alieleza kwa upole kwamba fedha iliyokwisha kutolewa kwa Bwana haiwezi kutumika kumsafirisha mtu. Mke, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alimwuliza mhasibu kama Bwana alitembea kwa miguu kila mahali. Swali hilo halikupokelewa kama maneno ya Mama Mchungaji.

Hapa ndipo ucheshi wa jambo hili unapopungua. Inafahamika kwamba parishi za vijijini ni maskini na kwamba mafungu yake yana kazi. Hata hivyo, mpango unaomchukua mwanamke kutoka kwenye biashara yake, ukampa cheo badala ya kipato, ukamkagua kanga, watoto na sahani anazokaribishia wageni, kisha ukamwachia yai moja kando ya barabara akiwa na watoto wawili, hauwezi kuendelea kutetewa kwa mistari ya Maandiko kuhusu ndege wa angani, hasa wakati wanaoitaja mistari hiyo wana usafiri wa kurudi nyumbani.

Familia ilifika Ngara kwa lori lililokuwa likielekea Burundi kupitia Kabanga, lililoendeshwa na Mwislamu kutoka Tanga, ambaye alikataa kupokea chochote, likiwamo yai. Yai lilifika zima, na mtoto alilila kwa chumvi.

Matukio mengine ya mwaka ule hayastahili nafasi kubwa. Baba alifanya mtihani wa Kigiriki akiwa na uji wa mtoto begani. Mama aliombwa atoe somo la malezi dakika ileile mwanawe alipokuwa akishushwa kutoka juu ya tangi la maji. Mtoto alimuuliza Baba Askofu, mbele ya wageni, kama ile fimbo ni ya kupiga ng'ombe. Katika fomu ya tathmini ya mafunzo ya vitendo, chini ya kipengele cha ushirikiano wa familia katika huduma, parishi iliandika kwamba ulikuwa mzuri sana, na kwenye nafasi ya maoni mengine wazee waliomba kwamba msimu ujao wa mavuno familia ileile irudishwe, bila kumsahau mtoto. Kuhusu nauli fomu haikuwa na kipengele.