Uniti za Mama

Ijumaa, 20 Desemba
Tumetoka Dar es Salaam alfajiri, tumefika Kibosho usiku. Ni zaidi ya kilomita 500, na kuanzia Same magari yalifuatana kama siafu, Wachaga tunarudi nyumbani. Nilimnunulia Mama sahani 12 za udongo Kariakoo, nikazifunga kwa magazeti na khanga. Zimefika 8. Mama amezifuta moja moja, akazipanga kabatini, akasema 8 zinamtosha. Vipande amevifukia nyuma ya banda, watoto wasije wakajikata.

Jumapili, 22 Desemba
Kaka amefika na familia yake, dada naye na ya kwake. Tuko 14 kwenye nyumba ambayo mwaka mzima analala mtu mmoja. Saa mbili usiku giza. Tukadhani umeme umekatika mtaa mzima, kumbe kwa jirani taa zinawaka. Uniti zimeisha. Umeme wa shilingi 5,000 unamfikisha Mama mwisho wa mwezi. Sisi tumeumaliza kwa siku mbili, kwa pasi, jagi la kuchemshia maji na simu za kila mtu. Kaka akanunua mwingine kwa simu, tokeni ikachelewa hadi saa nne. Tukahamia jiko la kuni, tukakaa kwenye vigoda, watoto wakasinzia mapajani. Nilikuwa nimesahau harufu ya moshi ule kwenye nywele. Nimefurahi tokeni ilichelewa.

Jumatatu, 23 Desemba
Mtoto wa kaka, ana miaka 8, amekata masale mpakani mwa kihamba apambe sebule. Amerudi na mzigo, amefurahi kweli, majani mazuri ya kijani. Mama hakumfokea. Alimkalisha barazani akamweleza kwamba isale ndilo linaloonyesha shamba letu linapoishia, na kwamba ukimkosea mtu, unafunga jani lake fundo, unampelekea. Akiletewa isale hakatai kusamehe. Mtoto akauliza, hata kama ni kosa kubwa? Mama akasema, hata hilo.

Sikuwahi kuelezwa hivyo nilipokuwa na umri wake, au nilielezwa sikusikiliza. Jioni nimevipanda tena vijiti vilivyokatwa. Isale halifi kirahisi.

Jumanne, 24 Desemba
Mbuzi wa kuchomwa ndafu Krismasi ametoroka. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Tumemtafuta migombani kuanzia saa tatu hadi saa saba, tukashuka mpaka mfereji wa maji, tukapanda tena. Alikuwa kwa jirani, amekula maharage mstari mzima. Kaka amelipa, jirani akarudisha nusu ya pesa akasema ni sikukuu.

Saa kumi mtoto wa kaka akaingia jikoni bila kusema neno, ana jani la isale limefungwa fundo baya, kama kamba ya kiatu. Akampa Mama kwa mikono miwili. Ndiye aliyeacha mlango wazi. Mama alikuwa anakoroga mso wa mbege. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akalipokea. Dada na mimi tulitoka nje.

Jumatano, 25 Desemba
Misa ya kwanza, kanisa limejaa mpaka uwanjani. Tumerudi kupika mtori. Nimemenya ndizi mshare beseni zima bila kujipaka mafuta, utomvu umeganda vidoleni mweusi kama lami, na sabuni haiutoi. Mama alinishika mkono, akausugua kwa mafuta ya kula na majivu, kidole kimoja kimoja, polepole, kama alivyokuwa akiniosha zamani. Ningependa vidole viwe zaidi ya kumi.

Mtori umetiwa chumvi mara mbili, na mimi na dada, kila mmoja akidhani mwenzake hajatia. Tukamenya mshare mwingine, tukaongeza maziwa, tukaponda upya. Umetutosha sisi, majirani wanne na mmoja aliyekuja kufuata beseni lake. Ndafu iliiva vizuri.

Alhamisi, 26 Desemba
Mvua kutwa. Nimelala mchana saa tatu nzima.

Jumamosi, 28 Desemba
Kilele cha Kibo kimefunguka saa kumi na mbili asubuhi, theluji yote inaonekana. Niliwaamsha watoto. Walipomaliza kuvaa masweta mawingu yalikuwa yamefunga. Mtoto wa kaka peke yake alikiona, maana alikuwa tayari nje na Mama, wanamkatia ng'ombe majani.

Alhamisi, 2 Januari
Tumeondoka. Mama ametupakia mkungu wa mshare, maparachichi, kahawa na dumu la maziwa ya mgando. Mfuniko umefyatuka karibu na Korogwe, maziwa yamemwagika kwenye begi la nguo. Abiria wa pembeni alinipa leso yake na kunisaidia kukamua sweta dirishani. Nguo zimenuka nyumbani mpaka Ubungo.

Jumapili, 5 Januari
Nimempigia Mama. Ng'ombe mzima. Masale yaliyopandwa hayajanyauka. Lile jani la fundo amelichomeka kwenye fremu ya picha ya Baba. Nikamuuliza uniti zimebaki ngapi, ili nimnunulie. Nikasikia ndala zake zikienda hadi kwenye mita na kurudi.

"Zipo 46, mwanangu," akasema. "Mlipoondoka zilikuwa 47."