Kufuli la Bure

Nieleweke: sikumwomba mtu hela. Nilitengeneza kufuli, nikataka kuligawa bure, ndipo nikajua kwamba kugawa kuna masharti mengi kuliko kukopa.

Kisa ni tovuti ya chama chetu cha wakulima hapa Mahongole. Inatumia WordPress, kama tovuti nyingi za watu wenye mifuko myembamba. Kila usiku watu wasiojulikana wanabahatisha nywila ya msimamizi. Sijui wanatafuta nini, labda bei ya gunia la mahindi. Basi mimi na vijana wawili wa Makambako tukajifunga mablanketi wiki tatu, tukaandika programu-jalizi: ukikosea nywila mara tano inakufungia nje na kukwambia "Nenda kalale." Tukaiita Sungusungu.

Ili iingie kwenye ghala la pamoja la programu-jalizi za WordPress, lazima iwe na leseni huria, GPL au inayopatana nayo. Mtu akiichukua, akaibadili, hata akaiuza, humdai kitu. Kijana mmoja akauliza, "Hata senti?" Nikamwambia hata asante. Halafu kuna faili la readme lenye mstari wa wachangiaji. Tulikuwa watatu. Mwenyekiti wa chama, aliyechangia chupa moja ya chai, akataka jina lake litangulie. Nikamwambia lazima awe na akaunti kwenye ghala hilo, nikidhani nimemweza. Akafungua siku hiyohiyo.

Tangu Oktoba 2024, mwenye programu huko anaingia kwa hatua mbili: nywila, kisha tarakimu za kwenye simu. Tarakimu za dharura nilizichapisha kwenye karatasi. Mama watoto akawashia jiko. Simlaumu sana, Julai ya huku haina mzaha.

Tukaipeleka. Wakaguzi, watu wa kujitolea, wakajibu kwamba daftari la Sungusungu la waliokosea nywila linaonyesha majina bila kuyasafisha. Nilichukia! Kufuli la bure nalo linakaguliwa? Usiku nikajaribu. Kwenye kisanduku cha jina nikaandika kipande cha msimbo, nikakosea nywila makusudi mara tano. Sungusungu ikanifungia nje vizuri kabisa. Nikaingia kwa jina langu la msimamizi, nikafungua daftari, na ule msimbo ukaamka ukafanya kazi. Yaani mgambo kamkamata mwizi, kaandika jina lake, na jina lenyewe likafungua mlango wa stoo. Dawa yake ilikuwa neno moja tu, esc_html, mahali pamoja. Vijana sikuwaambia nilivyochukia.

Tukakubaliwa, tukapewa kabati la SVN, chombo cha kutunza matoleo ya programu kilichoanza mwaka 2000. Vijana waliozaliwa na Git mkononi wakakitazama kama simu ya kuzungusha.

Sasa kila asubuhi mwenyekiti ananisimamisha njiani.

"Fundi, wanaotumia programu yetu wamefika wangapi?"

"Ghala linasema chini ya 10, mzee."

"Basi andika tisa kwenye taarifa ya mkutano."

Wawili nawafahamu. Mmoja ni sisi.