Kunguru Alipohamia kwa Kiboko

Kunguru wa Muganza alikuwa na gazeti. Halikuwa la karatasi. Kila alfajiri alipanda tawi la juu la mkuyu ulio kati ya majaruba ya mpunga na barabara ya malori ya saruji ya Cimerwa, akakohoa, akasoma habari kwa sauti. Alichokisoma ndicho kilichotokea bondeni, asichokisoma hakikutokea. Vyura wa majarubani walikuwa wakimjibu kila siku, kwa makundi na kwa kirefu, naye aliyachukua majibu yao kuwa makofi. Ndiyo maana aliweza kudumu kazini miaka mingi bila kumsikia yeyote.

Gazeti liliishi kwa matangazo. Panya wenye maghala walilipa punje ili maghala yao yatajwe kati ya habari moja na nyingine. Basi punje zikaanza kupungua. Bonde la Bugarama ni mahali pa joto, chini kuliko kwingine kote Rwanda. Burundi iko ukivuka Ruhwa, Kongo iko ukivuka Rusizi, na sokoni Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili hukaa benchi moja. Mahali kama hapo habari haingoji alfajiri. Kabla Kunguru hajakohoa, Ngedere walikuwa wameshaitoa usiku, imezunguka, imekanushwa na kutungiwa wimbo. Panya si watu wa kulipia masikio yasiyokuwepo. Wakamwambia, "Mzee, tutaonana mwezi ujao."

Hapo ndipo alipotokea Yangeyange. Huyu alikuwa amekaa Kigali msimu mzima juu ya migongo ya ng'ombe wa wakubwa, akarudi mtaalamu. Alikuwa na hatua ndefu na sauti ya semina.

"Mzee Kunguru, siku hizi msomaji hasomewi. Anashirikishwa. Mwekee ubao."

"Aandike nini?"

"Chochote. Atakayependezwa na neno la mwenziwe akanyage chini yake. Asubuhi tunahesabu nyayo, hesabu tunawapelekea Panya."

Kunguru hakuupenda ubao, ila neno hesabu lilimwingia. Ubao ukapigiliwa shinani.

Siku ya kwanza Mbuzi aliandika, "Mimi ndiye wa kwanza!" Jogoo akaandika chini yake kwamba wa kwanza ni yeye, aliamka saa tisa usiku. Nguchiro akatangaza dawa ya kumrudisha mke aliyekimbia, malipo baada ya mke kurudi. Bata akawasalimu shangazi zake wote wa Gikundamvura, mmoja mmoja, kwa majina. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, Chura mmoja alikuwa ameandika: "Mfereji wa juu unavuja. Maji hayafiki kwangu." Neno hilo lilipata nyayo mbili, na mmoja ulikuwa wake mwenyewe.

Ugomvi wa Mbuzi na Jogoo ulipata nyayo mia moja na kumi. Kesho yake ndio uliosomwa kuwa habari ya kwanza.

Bibi Kobe, ambaye bondeni hakuna aliyemkuta kijana, alisogea hadi chini ya mkuyu.

"Mwanangu, salamu za Bata umeziruka. Kwa nini?"

"Bibi, salamu si habari."

"Watu walinunua kadi za salamu, wakazituma Radio Tanzania miaka nenda rudi, mtangazaji akazisoma moja moja. Wasalimiaji wakaunda vyama. Watu waliojuana kwa majina tu wakaishia kuchangiana misiba. Na lile Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, si lilikuwa gazeti la serikali ya mkoloni? Nani angelipenda? Lakini lilichapa barua na mashairi ya wasomaji, huyu akiuliza yule akimjibu kwa vina, hata wakaliona lao. Kadi ilisomwa, mwanangu. Barua ilijibiwa. Wewe unahesabu nyayo."

"Enzi zile hapakuwa na intaneti, Bibi," alisema Yangeyange, na semina ikaendelea.

Sasa, Kiboko alikuwa na mchanga wake ukingoni mwa Rusizi, mkabala na Kamanyola, mpana, laini, usio na mlango. "Njooni bure," alikuwa akisema. "Mgongo wangu huu mimi nautumia nini?" Jioni wanyama wa nchi tatu waliteremka huko kupunga upepo, kusutana na kuonyeshana watoto. Yangeyange akashauri kuhama: kwa nini kuwangoja wasomaji mkuyuni na wote wamejaa mchangani? Kunguru akaung'oa ubao, akautupa mferejini, akaenda kusimama mgongoni mwa Kiboko.

Msimu ule ulikuwa mtamu, tusikatae. Sauti ilifika Kongo na Burundi. Wanyama asiowajua walimwita "mkuu". Panya nao walirudi, ingawa punje zao, kwa utaratibu ambao hakuna aliyekumbuka kuukubali, zilidondokea kwanza mdomoni mwa Kiboko, na Kunguru akala zilizokwama kwenye meno.

Kisha Januari moja Kiboko aliamka na maono. "Nimewaza," alisema. "Kuanzia leo kila mnyama atasikia kwanza ndugu na marafiki zake. Wenye magazeti mtasikika baadaye, nafasi ikibaki." Akazama kidogo. (Facebook ilitangaza jambo hilohilo Januari 2018, na wenye magazeti waliokuwa wamehamia mgongoni mwake, wakubwa kwa wadogo, wakajikuta majini. Kiboko wetu hakubuni chochote.) Kunguru akabaki amesimama juu ya matundu mawili ya pua, akiwasomea samaki habari za bonde.

"Ukitaka nipande kidogo," alisema Kiboko, "yapo malipo madogo tu."

Njaa humfundisha mwandishi mengi. Kunguru alikwisha kuona kwamba Kiboko huinua mgongo penye makelele, na makelele ni mali ya Kwelea. Hao huja kwa maelfu, husema wote kwa pamoja, na wakiondoka shamba limebaki mabua. Jioni moja Kwelea mmoja, ambaye hakuna aliyeweza kumtofautisha na wenzake, alisema maji ya mfereji yamepungua kwa sababu vyura wameyatia sumu. Kunguru alijua ni uongo. Kwa hiyo akatia alama ya kuuliza. "Je, vyura wametia sumu mfereji?" alisoma, na mgongo wa Kiboko ukapanda hadi mbavu zikaonekana. Siku ya tatu akapatikana wa kuwaita vyura wadudu.

Hapa kejeli inanibidi niiweke chini. Ninasimulia hekaya ya wanyama katika nchi ambamo watu waliitwa mende hewani. RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Ilikuwa redio iliyochangamka, ya muziki na mizaha, iliyopenda msikilizaji naye aseme. Na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilisoma majina ya watu na mahali walipo. Mwenye chombo cha habari katika eneo hili akisema hakujua ubao unaweza kubeba nini, hana pa kujifichia, na ugeni wa teknolojia haumwokoi.

Bibi Kobe hakuhutubia. Alitembea usiku kucha kufika mchangani, akasimama mbele ya Kunguru.

"Futa."

"Bibi, imepata nyayo nyingi kuliko..."

"Futa. Useme ulidanganya, na useme kwa sauti ileile uliyodanganyia."

Kunguru akafuta. Sauti ileile ndiyo haikupatikana, maana Kiboko hainui mgongo kwa ajili ya masahihisho.

Wiki hiyohiyo akaja Mamba. Alijigamba kuwa mpwa wa Gustave, yule mla watu wa Burundi ambaye sifa zake zilifika hadi kwenye sinema. Alikuja kwa adabu, akataka jina la aliyeandika mchangani, bila kutia saini, kwamba kivukoni wapo wanaoingia majini na hawatokei ng'ambo. "Uchunguzi wa kawaida," alisema. Kunguru akalitaja jina kabla Mamba hajamaliza kulitaka. Alikuwa Pimbi. Hajaonekana tena.

Mbayuwayu, aliyekuwa akipita kutoka Dar es Salaam, aliwasimulia vyura kwamba huko, Desemba 2016, Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa akashtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwake.

"Akatii mwishowe?"

"Hakutii."

Vyura walilala na neno hilo. Tangu siku ile hakuna mwenye jambo la maana aliyemwandikia Kunguru. Walimwachia Mbuzi.

Huku nyuma mpunga ulikuwa ukipata umanjano kabla ya wakati wake. Fuko haoni vizuri, hana sauti, na semina hakuwahi kuhudhuria. Alitoka ardhini, akapita jaruba kwa jaruba na swali moja: "Leo asubuhi maji yalifika wapi hapa kwako, na saa ngapi?" Hakuwauliza wanaonaje. Hakuuliza nani alaumiwe. Kila chura alikuwa na jibu, kwa kuwa kila chura hulala na kuamka ndani ya jibu lake, na hilo lake hakuna mwingine alijuaye.

Chini ya mkuyu Fuko akatandaza matope. Palipofika maji akaweka kokoto, yasipofika akachomeka bua. Majibu mawili yalipogongana alirudi kupapasa mwenyewe. Ikaonekana chura mmoja alisema maji yapo kwa sababu tu aliona aibu kusema hayapo. Kufika alasiri mabua yalikuwa yamejipanga mstari mmoja hadi kando ya barabara, pale ukingo wa mfereji ulipobomoka. Wakenya walifanya kazi ya namna hii Januari 2008, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi: walioshuhudia walituma ujumbe kwa simu na kwa intaneti, kila tukio likatiwa kwenye ramani, mradi ukaitwa Ushahidi, na miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Shahidi haulizwi maoni. Huulizwa nini, wapi, lini.

Kisha Fuko akafanya jambo ambalo Yangeyange aliliona ni kupoteza muda. Alirudi kwa kila aliyemjibu, akamweleza jibu lake lilisaidia kuonyesha nini. Aliyetaka kutajwa akatajwa. Wasiotaka, Fuko hakuyajua hata majina yao. Aliandika jaruba, hakuandika mwenye jaruba. Mamba alipokuja na uchunguzi wake wa kawaida alionyeshwa kokoto, akazitazama kwa muda, akaaga.

Kesho yake vyura walikuja bila kuitwa. Huyu alileta bei ya mpunga, yule habari za miche iliyobaki kitaluni, Bata akaleta salamu za Gikundamvura, na Fuko akazisoma zote, hata za shangazi wa mwisho. Chura yule wa mwandiko mdogo akauliza kwa nini siku ile hakusikilizwa. Hapakuwa na jibu zuri la kumpa. Alipewa ulinzi wa kokoto.

Mchangani kwa Kiboko hawakuacha kwenda, maana wasomaji bado walikuwa huko na kuwanunia ni ujinga. Ila walikwenda kama wapita njia. Mbayuwayu alipita kila jioni, akatamka sentensi moja, "Ramani ya maji iko mkuyuni," akaondoka kabla mgongo haujaamua kupanda au kushuka. Waliotaka walimfuata. Ramani yenyewe haikutoka chini ya mti, na Panya, ambao kwa mambo ya punje hawahitaji mtaalamu, wakajua pa kuzipeleka.

Kunguru naye alirudi, miguu imelowa. Alitarajia tawi lake la juu, na Fuko akampa, pamoja na kazi: kutoka huko atazame jaruba gani linaanza kukauka, ashuke akahakikishe kwa macho yake, ndipo kokoto iguswe. Ni kazi ya zamani kabisa ya gazeti. Kumbe alikuwa na macho mazuri. Hakuwa ameyatumia tu.

Haikupita mwezi Kiboko akapanda kutoka mtoni, na hasira ya mwenye nyumba asiyelipwa kodi. Alitaka kujua kwa nini wanyama wanakusanyika mahali asipokuwepo. Akasema yuko tayari kuwapa ubao mpya, mkubwa, bure. Yangeyange alikuwa ameshaanza kupima mahali pa misumari.

"Karibu, Bwana Kiboko," alisema Fuko. "Leo asubuhi maji yalifika wapi huko kwako?"

Kiboko akanyamaza. Umri wake wote ulipita majini, na swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Magotini," akasema hatimaye.

"Na juma lililopita?"

"Tumboni."

Vyura wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza habari za mto wenyewe.

"Saa ngapi hiyo ya leo?"

"Alfajiri. Sijui. Kabla ya malori."

Fuko akashika bua mkononi, hakulichomeka bado. Kunguru alishuka tawini, akautazama kwa makini mstari wa matope kwenye magoti ya Kiboko, goti la kulia kisha la kushoto, akaruka kwenda Rusizi kulinganisha.