Leso ya Mama na Lita Ishirini

Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi, sisi wenye vijenereta na pikipiki huku Lunga Lunga hukaa kama tunaosubiri mwezi wa Idi uandame. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei mpya, na bei hiyo tunaishi nayo hadi tarehe 14 nyingine. Mwezi fulani, mtaalamu mmoja wa barazani kwetu alinihakikishia kwamba bei ingepaa. Ni yeye aliyetuambia masika yangechelewa, tukalala na maji chumbani. Nikamwamini tena.

Mchana wa tarehe 14 nilikuwa Ukunda. Nikaingia kituo cha mafuta na mtungi wa manjano wa lita 20, uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Kijana wa pampu akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, huo siujazi."

Nikamwuliza kwani una kosa gani. Lo, afadhali ningenyamaza! Petroli, akaniambia, hutiwa kwenye chombo kilichoundwa kwa petroli. Chombo huwekwa chini, hakijazwi kikiwa kwenye buti wala juu ya pikipiki, kwa sababu mafuta yakimiminika huzaa umeme tuli, na cheche moja yatosha. Mdomo wa bomba uguse chombo. Na usijaze pomoni, uache nafasi, maana joto huyavimbisha. "Hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, mvuke wake unaweza kushika moto." Nikalitazama jua la Ukunda, nikamshukuru, nikaenda zangu kwa muuzaji wa chini ya mwembe.

Huyo hakuuliza swali. Alinijazia kwa faneli hadi shingoni, kifuniko kikakataa kukaza, akakizibia kipande cha mfuko wa nailoni, ule uliopigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Kwa hiyo nikawa na makosa mawili kwenye chombo kimoja. Bei yake ilizidi ya kituoni. Nililipa ghali ili kesho nisilipe ghali. Hesabu hiyo niliielewa vizuri sana wakati ule.

Mtungi nikautia kapuni, nikaufunika kwa leso ya mama niliyokuwa nimetumwa niipeleke kupindwa. Jina la leso: SIRI YANGU NAIJUA MWENYEWE. Makanga wa matatu ya kurudi Lunga Lunga akauliza nimebeba nini. "Asali," nikasema. Kapu likaingia chini ya kiti.

Petroli ni mbea. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukatokea dirishani kwa adabu. Hutambaa sakafuni, kiti hadi kiti, ukiwapa watu habari kuanzia miguuni. Kabla ya Gazi, mtoto mmoja alishaanza kukohoa. Tulipokaribia Msambweni, mama mmoja akaita, "Dereva, gari lako linavuja!"

Gari likaegeshwa. Wanaume wote tukashuka, maana gari likiharibika barabarani kila mwanamume wa pwani huwa fundi. Mmoja akainama chini ya injini, mwingine akagonga tangi kwa kidole, mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko kuliko wote. Hapo mzee mmoja akatoa sigara ili apate kufikiri vizuri, akaegemea mlango, pale pale penye kapu langu. Kiberiti kikatoka.

"Usiwashe!" nikapiga ukelele, nikamrukia mkononi.

Wote wakanigeukia. Leso ikafunuliwa. Mtungi ulikuwa umevimba tumbo, na nailoni inatoa povu.

"Asali hiyo?" akauliza makanga.

Yule mama alikuwa anarudi kwao Tanga kupitia Horohoro. Hakunipigia kelele. "Mwanangu, dumu kama hilo walikuwa nalo wa Morogoro." Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya mia moja. Gari zima likanyamaza. Kisha likaondoka bila mimi, na nauli yangu hawakunirudishia, wala sikuidai.

Nilikaa kivulini, mtungi kwenye jua, kisha nikakumbuka, tukabadilishana. Bodaboda wawili walisimama, wakanusa, wakaongeza mwendo. Mwishowe ikaja pikapu ya wazi ya mvuvi aendaye Vanga, nyuma amefunga jerikeni la chuma lenye mishikio mitatu, lile walilolibuni Wajerumani mwaka 1937 na Waingereza wakaliita hivyo kwa sababu Mjerumani kwao alikuwa "Jerry". Nikamwomba anunue yangu kwa nusu bei. Akafungua kifuniko, akanusa, akapangusa ukingo kwa kidole, kikateleza.

"Ami, petroli ya mashine yangu huchanganywa na oili, si mafuta ya chapati. Hii itanikaangia samaki kabla sijawavua."

Aliichukua hata hivyo, akawashie jenereta ya jirani asiyempenda. Malipo yangu yakawa lifti hadi Lunga Lunga, nimekaa mbele, kapu tupu mapajani. Redio ikatangaza bei mpya njiani. Imeshuka.

Leso mama ameifua mara nne. Inaning'inia uani peke yake, mbali na jiko, na kila mgeni akipita huuliza ni nani anayeuza mafuta hapa.